Ukuta Uliotiwa Chumvi

Harufu ya mubirizi uliopondwa hukufikia kabla hujauona mubirizi wenyewe. Ni jani chungu, la kijani kibichi, na watu wa Masisi hulichemsha kwa ajili ya homa na maumivu ya tumbo. Nyumbani kwetu Ngungu lilikuwa na kazi nyingine. Mama yangu alilitwanga kinuni, akalikamua kwa kitambaa, kisha akayamimina yale maji katika uji mzito wa unga wa muhogo na kukoroga hadi mkono uchoke. Uji huo ndio uliokuwa gundi yetu, kole kama tulivyoiita, na kwa kole hiyo alibandika karatasi kwenye kuta za udongo. Muhogo ulishika karatasi, na uchungu wa mubirizi uliwafukuza wote wapendao muhogo: mende, panya, na mbuzi wanaopita wakitafuta cha kutafuna. Kwa siku mbili nzima nyumba ilinuka kama dawa, na vidole vyetu vilikuwa vichungu hata tukila ndizi. Mpaka leo nikisikia harufu hiyo najua kuwa mahali fulani mtu anaandaa chumba kwa ajili ya wageni, nami nahisi hasira ya zamani ikinyanyuka polepole.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo, na dada yangu Riziki alikuwa amechumbiwa na kijana mwalimu wa kilima cha pili. Barabara ilikuwa imetulia mwaka ule, bila vita, kwa hiyo ukoo wa kijana ulituma habari kwamba utaleta mahari mara tu maharage yatakapovunwa. Katika ukoo wetu jambo hilo lina utaratibu wake. Mbuzi wa kwanza huletwa mpaka kizingitini, na mama wa nyumba hutoka saloni, yaani sebuleni, akaishika kamba yake kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote. Anayeishika kamba ndiye aliyemlea bibi harusi. Hakuna hotuba inayoweza kulibadilisha hilo. Mama alikuwa amemlea Riziki kwa jembe, tena miaka miwili ya mwisho kwa jembe moja badala ya mawili, na sikumsikia akitamani kitu kingine chochote mwaka ule isipokuwa kusimama pale kizingitini.

Kwa hiyo alianza kuipanga saloni. Padri mmoja aliyekuwa akihamishwa alimpa sanduku la magazeti ya Ulaya, kwa kuwa Mama alikuwa akimfulia nguo. Yalikuwa magazeti ya mapambo ya nyumba tu, kurasa nzito zinazong'aa: makochi ya rangi ya haradali, taa zilizoinama kama korongo, mapazia yanayogusa sakafu, jikoni zisizo na moshi. Hatukuweza kuyasoma vizuri, lakini tuliyatazama kama watu wanaosoma. Mama alizipanga kurasa sakafuni, akazitenga kwa rangi, akarudi nyuma hatua tatu, akazipanga upya. Aliniuliza kila mara, "Zawadi, jicho lako linaenda wapi kwanza?" Nikimwambia, alihamisha ukurasa. Alitaka mgeni akiingia aone kwanza ukurasa wenye picha ya dirisha kubwa lililoelekea bahari, ndipo ateremke polepole mpaka kwenye viti vyetu vya mbao.

Kazi hiyo haikufika mbali. Papa mukubwa, kaka yake baba, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, na mke wake tulimwita mama mukubwa. Wengine walimwita Mama Aline. Alitoka Shasha, kule ziwani, binti wa wachuuzi wa samaki, na nyumba yake ilikuwa na mabati wakati yetu ilikuwa na majani. Siku moja baada ya misa alimsimamisha Mama mbele ya kikundi cha wanawake, akiwa ameshika mwavuli ingawa mvua haikuwapo. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlango wa sakristia, "Mama Riziki, usijichokeshe na ile nyumba yako. Saloni ya mujane haipokeaka mbuzi. Bageni batakuya kwangu, ku mabati." Mwanamke mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Eeh, ata mvua inajua nyumba ya kuingia!" Wakacheka wote. Mama alitazama viatu vyake. Jioni hiyohiyo mama mukubwa alikuja na binti yake Aline, akalibeba sanduku la magazeti. "Mapambo iende kwenye bageni banaenda," alisema, na akatuachia kurasa chache zilizochanika. Papa mukubwa alipoulizwa, alijibu kwamba mambo ya ukutani ni ya wanawake.

Wahenga wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mama hakulia mbele yetu. Alikwenda kwa fundi aliyekuwa akijenga zahanati, akaomba mifuko mitupu ya simenti, akaikung'uta, akaikata katika vipande vilivyolingana. Akaibandika ukutani kwa kole chungu, ule upande wa kahawia ukitazama nje, kisha juu yake akachora kwa udongo mweupe wa kijitoni: mistari iliyovunjika kama migongo ya vilima, safu baada ya safu, kila safu nyembamba kuliko ile ya chini yake. Chini kabisa, pale miguu ya watu inapochafua, alipaka mkanda mweusi wa unga wa betri kuukuu. Ukiingia, chumba kilionekana kirefu kuliko kilivyokuwa. Nimeona vyumba vingi tangu siku hiyo, na nasema kwa utulivu kabisa kwamba kile kilikuwa chumba bora. Hakuna mgeni aliyekuwa anatarajiwa kukiona. Mama alikimaliza hivyohivyo.

Wiki mbili baadaye mama mukubwa alinikuta kisimani. Alikuwa amekwisha kubandika kurasa zake mara moja, na panya walikuwa wamezishusha. Hakuweza kwenda kumuuliza Mama. Mdomo uliomtukana mtu hauendi kuomba mlangoni pake. Kwa hiyo aliniuliza mimi, akitabasamu kwa meno yote.

"Zawadi, mutoto yangu muzuri. Mama yako anatiaka nini mu ile kole yake, panya isikule?"

Nakumbuka kwamba sikufikiri. Jibu lilitoka kama lilikuwa limekaa mdomoni siku zote likimngoja.

"Chumvi," nikasema. "Mingi. Mpaka kole ikuwe nzito."

Mtoto yeyote wa vilima vyetu angecheka. Sisi tuliokua na mbuzi na ng'ombe tunajua kwamba mbuzi hufuata chumvi kama mlevi anavyofuata pombe ya ndizi. Atalamba jiwe, atalamba jasho la mkono wako, atakula shati lako likiwa kwenye kamba. Lakini mama mukubwa alikuwa mtu wa ziwani na hakuwahi kuchunga. Nyumba yake haikufuga hata mbuzi mmoja, kwa sababu alichukia harufu yao. Alikaa akilitafakari jibu langu, nami nikaona likimwingia na kukaa vizuri. "Kweli," alisema. "Kwetu Shasha chumvi njo inalinda samaki. Haiwezi kosa kulinda karatasi." Akanipa kipande cha muwa. Nilikila njia nzima, na kilikuwa kitamu.

Tangu siku hiyo nilipita nyumbani kwake kila nilipotumwa, hata nisipotumwa, ili nione. Kazi ilikwenda kwa mpango mzuri, siwezi kumnyima hilo. Kurasa zilifunika kuta zote nne, makochi ya haradali juu ya makochi ya haradali, na panya kweli hawakurudi haraka, labda kwa bahati tu. Lakini ukungu wa Ngungu hushuka kila asubuhi, na chumvi huyaita maji. Kuta zilianza kutoa jasho. Pembe za kurasa zililegea na kuning'inia kama masikio. "Kole haijakauka bado," mama mukubwa aliwaambia majirani, naye akaongeza safu nyingine ya kole, na ndani yake chumvi nyingine.

Siku ya mahari walikuja kabla ya adhuhuri, wazee wanne, vijana wengi, ng'ombe mmoja na mbuzi sita waliotembea kutoka kilima cha pili. Sisi tulikuwa uani kwa mama mukubwa. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri na amewekwa nyuma, karibu na masufuria. Mshenga, mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, alimleta mbuzi wa kwanza hadi kizingitini, beberu mweusi mwenye ndevu. Mama mukubwa akatoka saloni, akanyoosha mkono, akaishika kamba. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Vigelegele havikumalizika. Beberu aliinua pua, akanusa mara moja, akapita ubavuni mwa mama mukubwa akimvuta kwa kamba mpaka ndani, naye akaangukia kiti cha kwanza. Wale watano waliobaki walisikia harufu hiyohiyo. Vijana waliokuwa wamewashika walianza kucheka, na mtu anayecheka hashiki kamba vizuri.

Nilisimama mlangoni na kuona yote. Mbuzi walipanda juu ya viti. Walianza na pembe zile zilizoning'inia, wakazivuta, na kurasa ziliteremka nzima nzima zikiwa na udongo wa ukuta nyuma yake. Mmoja alitafuna lile dirisha lililoelekea bahari kuanzia upande wa mbingu. Mama mukubwa aliwapiga kwa mwavuli akipiga kelele, "Toka! Toka, nyama hii! Aline, leta fimbo! Wanakula saloni yangu!" Papa mukubwa alisema, "Jamani, jamani," kama mtu anayesalimia. Mshenga alisubiri mpaka kelele zipungue kidogo, akavua kofia yake.

"Papa," alimwambia, "sisi tulileta mbuzi, hatukujua kama bafike na njaa hivi. Lakini hii nyumba inakulika. Hamuna ingine yenye haikulikake?"

Hata wanawake wa kikundi walicheka, walewale, kwa midomo ileile. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Papa mukubwa alijifuta uso kwa kitambaa na kusema, bila kumtazama mkewe, kwamba twende kwa mama wa mtoto. Tukashuka wote ule mteremko, wazee, vijana na mbuzi wenye karatasi midomoni. Mama alitangulia mbio akaingia ndani, na beberu alipofikishwa, Mama alitoka saloni kama inavyotakiwa, taratibu, akaishika kamba. Beberu alinusa ukuta wetu, akapiga chafya, akageuza kichwa. Wazee walipoingia walinyamaza kwanza. Kisha yule mshenga akauliza, "Nani alichora hivi vilima?" Mama akasema, "Ni mie."

Kesho yake tulikuwa shambani. Mama alilima mistari miwili, ndipo akauliza, bado ameinama, "Nani alimuambia chumvi?" Nikaendelea kulima, haraka kuliko kawaida, na hilo lilimtosha. Akasema, "Utaenda kumusiribia ukuta. Kwa mikono yako. Mpaka uishe." Nilikwenda. Kwa siku tisa nilibeba udongo na kinyesi cha ng'ombe, nikasiriba kuta nne ambazo mbuzi walikuwa wamezilamba hadi zikatoa fito. Mama mukubwa hakujua kwamba ninaadhibiwa. Alidhani nimetumwa kwa heshima, akaniita mtoto mwenye moyo, na hilo lilinikera kuliko udongo wenyewe. Lakini katika siku hizo tisa nilijifunza ukuta: unavyonywa maji, unavyopasuka ukiharakishwa, mwanga unavyopita juu yake asubuhi na unavyouacha jioni. Nikaanza kuijenga nyumba yangu kichwani, chumba kwa chumba, nikiwa ndani ya nyumba ya mtu niliyemchukia. Nilingoja majuto yanijie. Nilidhani yatakuja na utu uzima.

Sasa naishi Walikale, ambako nyumba ni za mbao na mvua haiombi ruhusa. Watu huniita niwapangie vyumba. Zamani rangi tuliichimba kijitoni na kuibeba kichwani, siku hizi inakuja kwa ndoo kutoka mjini, ikifika, na mwenye nyumba hunionyesha simu yenye picha ya saloni ya nchi ambayo hakuna anayeijua, akasema, "Dada, niwekee vile." Namuuliza kwanza nani atakaa wapi. Wengi hushangaa, wao walitaka kuzungumzia mapazia. Lakini rangi hufifia na pazia huchoka, wakati mahali ulipomkalisha mtu hapasahauliki. Pengine tumepata mengi kuliko wakati ule, vioo, vigae, taa za jua, ila sijaona bado mtu akiingia chumbani na kunyamaza kama wale wazee walivyonyamaza mbele ya mifuko ya simenti.

Mama anaishi nami. Vita vilipopanda vilima vya kwetu, mama mukubwa naye alikimbilia huku, mjane sasa, na anakaa kwa Aline, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila Jumapili baada ya misa anakuja kutusalimia. Amezeeka, anatembea kwa kushika kuta. Anasimama kizingitini mpaka Mama amkaribishe, kwa sababu katika nyumba hii Mama ndiye anayepokea, na kila mgeni analijua hilo. Mama hana kinyongo, sijui alikiacha wapi. Hunyoosha mkono na kusema, "Karibu, Mama Aline. Kuya uikale hapa pembeni yangu." Mama mukubwa huingia, hutazama kulia kwa Mama, hutazama kushoto, kisha huenda kukaa kwenye kiti cha mbali, kilicho karibu na mlango. Pembeni ya Mama hakuna kiti. Chumba hiki nilikipanga mimi.