Fundi makochi anayejifunza kulala upya

Asubuhi hii fundi hajibu salamu. Si jeuri. Amejaza misumari midogo mdomoni, na mwenye misumari mdomoni hasalimii mtu wala hachekeshwi. Ananyanyua nyusi, anamwonyesha mgeni kigoda, kisha anarudi kwenye kochi lake. Ulimi unasukuma msumari mmoja hadi midomoni, vidole vinaupokea, nyundo inagonga, kitambaa kinatulia.

Kwa mtindo huo mtaa mzima unamwita Misumari. Hata wanawe humwita hivyo, wakiwa na hakika baba yao hawasikii.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kimejaa makochi yaliyovuliwa nguo. Moja limebaki mbao na springi, jingine limeegeshwa ukutani miguu juu. Sponji zimepangwa hadi darini. Harufu ya gundi inakupokea mlangoni na inakusindikiza hadi barabarani. Harufu hiyo imewahi kumponza, na habari yenyewe inakuja.

Anatema misumari iliyobaki kiganjani, anaketi. Macho yake ni mekundu.

"Usiyaangalie sana," anasema. "Zamani yalikuwa mekundu kwa pombe. Sasa ni kwa sababu sijalala. Wekundu ni uleule, ila huu wa sasa ni wa halali."

Misumari yuko katika mwezi wa tatu bila kugusa kileo. Kabla ya hapo alikunywa karibu kila jioni kwa miaka inayokaribia ishirini, na nusu ya malipo ya kila kochi iliishia baa kabla yeye hajafika nyumbani. Aliacha akiwa chini ya uangalizi wa kliniki, na taabu nyingi alizitarajia: mikono kutetemeka, jasho, hasira za bure. Asichotarajia ni kukimbiwa na usingizi.

"Mimi nilijiona bingwa wa kulala," anasema. "Nafika, naanguka, mpaka asubuhi. Kumbe nilikuwa nazimika tu, kama taa. Kulala ni kitu kingine kabisa, na nilikuwa nimeshakisahau."

Muuguzi wa kliniki, mama asiye na haraka anayemwita "mwanangu" ingawa hawapishani sana kwa umri, alimweleza kwamba kichwa kilichozoea kulazwa na pombe huchukua muda kujifunza kujilaza chenyewe. Kwa wengine ni wiki, kwa wengine ni miezi. Alimkataza kuazima vidonge vya usingizi kwa majirani. Alimwambia aamke saa ileile kila siku hata kama hakulala, aache kahawa baada ya adhuhuri, na usingizi ukigoma asigaegae kitandani bali ainuke afanye kazi ndogo ya utulivu mpaka macho yawe mazito. Kisha akampa sharti gumu kuliko yote: asilale mchana.

"Sharti hilo ampe karani," analalamika Misumari. "Ampe dereva. Mimi nashinda nimezungukwa na makochi. Saa nane, jua kali, kichwa kizito, na kila ninakogeuka kuna mto mpya unaniambia karibu."

Jirani yake, seremala, alikubali kumsaidia. Kila anaposikia kimya kimezidi upande wa pili, hugonga ukuta kwa nyundo, na Misumari hujibu kwa ya kwake. Wapita njia wanadhani mafundi hao wamegombana.

Lakini usiku hakuna wa kumgongea ukuta. Misumari anasema hofu yake kubwa haikuwa uchovu. Ilikuwa sauti inayokuja akiwa chali, ikimwambia anywe glasi moja tu, alale, kesho aamke afanye kazi ya watu.

"Haiji kwa fujo," anasema. "Inakuja kwa upole na inasema maneno ya busara. Inakuonea huruma kabisa. Ndiyo maana naiogopa."

Basi usiku mwingi akawa anajilaza tuli, hageuki, asije akamwamsha mkewe. Mke huyo anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na huondoka mapema. Misumari alijiambia kwamba walau mmoja wao apumzike.

Siku alipoacha pombe, mkewe hakumpigia kelele. Alimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba amefurahi, na kwamba akirudia tena, yeye na watoto watahamia kwa dada yake. Walishawahi kuhama na kurudi. Safari hii alisema hawatarudi, na Misumari anamfahamu mkewe: maneno anayoyasema polepole huwa hayabadiliki.

Mwezi uliopita mwenye saluni ya ng'ambo ya barabara alimletea kochi refu la kukalia wateja wake. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza tangu aache kunywa. Alibadilisha springi, akakaza kamba, akalivika kitambaa cha kijani bila kukunjamana hata pembeni. Ikabaki hatua ya mwisho.

"Kochi hulitoi bila kulikalia," anaeleza. "Unakaa katikati. Unakaa pembeni. Unaegemea, unasikiliza kama kuna springi inayonung'unika. Bila hivyo mteja atalirudisha tu."

Akakaa katikati. Akakaa pembeni. Akaegemea. Cha baada ya hapo hakikumbuki, na seremala siku hiyo alikuwa ametoka kwenda kununua mbao.

Mwenye saluni alifika na wachukuzi wawili, akamkuta mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka, kopo la gundi liko wazi chini. Alimtikisa. Misumari aliinuka akiyumba, akasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, akalipiga teke kopo. Gundi ikamwagika na harufu kali, iliyofanana na ya pombe, ikajaa chumba kizima.

"Nikajisemea, basi, karudia," anasimulia mwenye saluni, akiwa anamsuuza mteja nywele. Hafichi aibu yake. "Miaka yote nimemwona akipita hapa anapepesuka. Nilikuwa nimeanza kumwamini, ndiyo maana iliniuma." Alimpigia simu mke wa fundi hukohuko kazini. Alimwambia: "Wifi, njoo umchukue mwenzako."

Wachukuzi wakalibeba kochi, lakini halikuvuka barabara. Walilitua nje wasikie mwisho wa mambo, na watu wengine wawili watatu wakasogea. Misumari alisimama katikati ya vipande vya kitambaa akijitetea.

"Nilisema sijanywa," anakumbuka. "Lakini hayohayo ndiyo niliyokuwa nikisema kila nilipokunywa. Sikuwa na maneno mengine."

Mkewe alifika na sare yake ya kazi, mikono bado imekunjamana kwa maji. Wote walitarajia amnuse mdomo, maana kwa miaka mingi alikuwa akimnusa mlangoni kabla hajampisha aingie. Misumari mwenyewe aliufungua mdomo, tayari.

Mkewe hakumnusa. Aliwageukia waliosimama.

"Huyu hajanywa," alisema. "Huyu hajalala. Jana hakulala. Juzi hakulala. Juzi alikwenda kukaa sebuleni, akavipanga viatu vya watoto, akavipangua, akavipanga tena. Mwacheni."

Misumari alimtazama. "Umejuaje habari ya viatu?"

"Nilikuwa macho."

"Na jana?"

"Na jana. Na wiki ile. Wewe ulidhani nani anaweza kulala pembeni ya mtu aliyejikaza vile?"

Hapo ndipo fundi alipofahamu jambo ambalo miaka yote halikuwahi kumpitia kichwani. Mkewe alikuwa amezoea kulala sikio moja likiwa wazi: kusikiliza kama geti limefunguka, kama mtu ameanguka uani, kama aliyezimika pale kitandani bado anapumua. Pombe ilipoondoka, zamu ya mama huyu haikuisha. Aliendelea kusikiliza.

"Yeye kaacha pombe," anasema mkewe, akicheka huku akijifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Sikio langu bado halijaacha."

Misumari alilia palepale, mbele ya wachukuzi na mbele ya mteja wake. Haoni aibu kulisema. "Nilidhani nimeharibu usingizi wangu tu," anasema. "Kumbe na wake niliuiba, na hakuwahi kunidai."

Tangu siku hiyo hakuna anayejifanya amelala. Wakikosa usingizi wote wawili huinuka, wakakaa sebuleni kwa taa hafifu. Mke hukunja nguo za watoto, mume husokota kamba za springi. Wanaongea kwa kunong'ona, na kuna usiku wanagombana kwa kunong'ona vilevile, kwa mambo ambayo zamani hayakupata nafasi ya kusemwa. Muuguzi ameyakubali hayo, ila amewaonya wasizidishe hadithi mpaka kukakucha.

Usingizi unarudi kwa kusuasua. Kuna siku Misumari anapata saa nne mfululizo na kushinda akipiga mluzi, na kuna siku hapati kitu. Ile sauti ya upole bado huja. Ikija, humgusa mkewe bega na kumwambia imekuja, nao huinuka.

Mwenye saluni alikwishaomba radhi na kumletea viti vyake vyote vilivyobaki. Waliosimama nje wakaeneza mtaani kwamba fundi karudia pombe ndio haohao walioeneza kwamba hakuwa amekunywa, na kwa kasi ileile. Na siku hizi kochi likifika hatua ya kukaliwa, seremala ndiye huitwa kulikalia. Misumari husimama pembeni kusikiliza springi. "Ana uzito mzuri," anasema, "na hana hatari ya kusinzia, maana anaongea mno."

Akiulizwa mipango yake, anaanza na ile ya kazi. Anataka cherehani ya pili, na ubao wa jina lake mlangoni. Kisha anaitazama mikono yake, ambayo siku hizi haitetemeki.

"Watu wananiombea nilale," anasema. "Mimi naomba yeye anitangulie. Hata usiku mmoja tu. Nikae pale macho makavu, nimsikie anakoroma, nijue amelala kwa sababu hana tena cha kunisikilizia."