Mihogo ya Anastasie Wabiwa

Anastasie Wabiwa alizaliwa Lubondja, katika eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1941, akabatizwa mwaka huohuo, na jambo la kwanza wanalolikumbuka waliosoma naye katekisimu ni maswali yake. Alimchosha katekista. Mungu akiahidi, anatimiza lini? Akichelewa, je, amesahau? Katekista alimjibu kwamba Mungu hasahau, na mtoto akaridhika kwa namna iliyowashangaza wote, maana hakuuliza tena swali hilo hadi kufa kwake. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, akaongoza sala katika shirika lake, jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, miaka ishirini. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatutaki kulitangulia Kanisa. Tunasimulia tuliyoyasikia, hasa kwa Fanny, mke wa mwanawe, ambaye mwanzoni alimwona kuwa mwenye kichwa kigumu tu.

Chanzo cha kumwona hivyo kilikuwa mihogo. Vita vilipoingia Fizi mwaka 1996, watu walijifunza kukimbia: milio ikisikika, kila mtu anabeba mtoto, sufuria, na godoro akiweza. Wabiwa alikuwa na kazi moja kabla ya kukimbia. Alishuka kijitoni na kapu la mihogo michungu, akailoweka katika kishimo chake, akaifunika kwa majani na mawe. Mihogo hiyo ina sumu. Huliwa baada ya siku nne majini, si kabla. Risasi zinalia, majirani wanampigia kelele, yeye anapanga mihogo. "Mungu alisema hatatuacha," aliwaambia. "Basi tutarudi. Na tukirudi, tutakula nini?" Mara nyingine walirudi siku ya nne wakaikuta laini. Mara nyingine walikaa porini mwezi mzima, mihogo ikaoza yote, naye akaloweka tena safari iliyofuata. Fanny alikereka hasa kwa hilo. Ahadi gani hiyo inayooza?

Agosti 1999 walikimbilia tena msituni, juu ya Lubondja. Mume wa Fanny alikuwa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, na mtoto wao Élie alikuwa na miezi kumi. Akiba yao yote ilikuwa konzi mbili za unga, ambazo Fanny alizifunga katika pembe ya kitenge kwa ajili ya mtoto. Asubuhi ya siku ya pili Wabiwa alisimama, akasema anashuka kijitoni.

"Mama, ni siku ya pili tu," Fanny akasema. "Ile muhogo haiko tayari. Unaenda kufanya nini?"

"Sijui, Mama Élie. Naenda tu."

Hakuwahi kurudi mapema namna hiyo. Fanny alimfuata, mtoto mgongoni, hasira zimempanda, akitaka kumrudisha. Walipofika, mawe yalikuwa yameondolewa. Mwanamke wa milimani, Bazubagira, alikuwa amechuchumaa kando ya moto mdogo pamoja na watoto watatu. Alipotezana na watu wake katika kukimbia. Kwao wanafuga ng'ombe, wanakula maziwa, mahindi na viazi. Mihogo michungu hawaijui. Aliona chakula majini, akakitoa, akakichoma, na sasa alikuwa akimpa mkubwa wao kipande. Siku zile watu wa upande wa ziwani, kama Wabiwa na Fanny, na wa milimani walikuwa wakiogopana vibaya sana. Wabiwa hakusita. Aliupiga ule mkono, kipande kikaanguka.

"Usiwape batoto! Iko sumu bado!"

"Mama, njaa itawaua mbele ya sumu," Bazubagira akajibu.

Wabiwa akageuka, akaitazama pembe ya kitenge. Fanny akaishika kwa mikono miwili.

"Hii ni ya Élie."

"Najua. Na ahadi ya Mungu, ni ya Élie peke yake?"

Fanny anakiri kwamba saa ile alimchukia. Alifungua fundo huku akilia. Uji ukapikwa, watoto wanne wakanywa. Wabiwa akairudisha majini mihogo iliyobaki, nao wote wakajificha kwenye matete. Siku ya nne waliitoa ikiwa laini, wakaichemsha, wakala pamoja. Hakufa mtoto hata mmoja.

Nani alimwambia ashuke siku ile? Fanny alimwuliza mara nyingi, nasi tungependa kujua. Alijibu siku zote kwamba hajui. Aliongeza tu kwamba miaka yote alidhani analoweka kwa ajili ya kurudi kwake mwenyewe, na kwamba alikuwa amekosea.

Alifariki Baraka, kwa homa, tarehe 9 Machi 2003. Wiki tatu baadaye Bazubagira alishuka kutoka milimani kwa miguu, na watoto wake watatu na kibuyu cha maziwa, akaketi penye kaburi. Watu wa mtaa walisimama mbali kwanza. Kisha wakasogea mmoja mmoja, na maziwa yakanywewa yote.

Mwezi wa sita milio ikasikika tena. Watu wakikimbia walimwona Fanny ameinama mtoni, anapanga mihogo, na Élie anampa mawe.

"Mama Élie, kimbia! Nani atakula hiyo?"

"Mi simujui," Fanny akasema, akaweka jiwe la mwisho. "Mungu anamujua."