Nusu ya Maneno ya Nulu

Nulu alizaliwa Mpumudde, Jinja, katika ukoo wa Wanubi waliozoea kuzungumza Kiswahili nyumbani. Aliolewa mapema, na uzazi wake wa kwanza ulikwama. Mtoto alifariki, mama akabaki na fistula, jeraha la ndani linaloufanya mkojo utiririke bila kizuizi. Mume alimhamishia jikoni, kisha akaoa mwingine. Mpumudde nzima ilijua. Harusini alitandikiwa mkeka wa peke yake karibu na mlango.

Shirika moja la hisani liligharimia upasuaji, akapona kabisa. Hilo silikani, wala yeye halikani. Akahamia Namatala, Mbale, ambako hakuna aliyemfahamu, akaanza kukaanga sambusa kando ya barabara ya Tirinyi. Wateja walimwendea kwa sababu ya usafi wake: kitambaa cheupe juu ya beseni, koleo la kushikia, na yeye mwenyewe akinukia sabuni.

Mwaka huu shirika lile liliandaa safari ya baiskeli kutoka Jinja hadi Mbale, ili kuchangisha fedha za kuwatibu wanawake wengine. Mkurugenzi wake, Natasha, alimwomba Nulu atoe ushuhuda siku ya kuanza. Nulu alikubali kwa sharti moja: atasema Jinja tu, kwa kuwa Jinja wanajua tayari.

Alisimama mbele ya waendesha baiskeli waliovaa kofia ngumu na suruali za kubana, akasimulia kana kwamba mambo yanatokea palepale. "Mkojo unanitoka usiku na mchana. Nikikaa, watu wanahama." Kisha akaeleza upasuaji, na akamalizia kwa kicheko: "Leo mimi mzima! Nakaanga sambusa, njooni mle." Walimpigia makofi. Hakujua kwamba alikuwa akirekodiwa.

Alipewa nafasi ya kurudi Mbale katika pikapu iliyowafuata waendesha baiskeli, yenye spika mbili juu ya paa. Kwenye kilima cha Magamaga baiskeli zilipunguza mwendo, pikapu nayo ikatambaa nyuma yao. Hapo ndipo Nulu alipoisikia sauti yake mwenyewe: "Mkojo unanitoka usiku na mchana. Nikikaa, watu wanahama." Sauti ya mwanamume ikadakia: "Mchangie mama huyu!" Muziki ukapigwa, kisha mkojo tena. Kila kilima kilitoa muda wa kutosha kurudia.

"Bwana Odero," alimwambia dereva, Mkenya aliyeajiriwa kwa safari ile, "mbona sisikii nikipona?"

"Mama, mimi nimeambiwa bonyeza hapa, nabonyeza. Na ukipona, nani atatoa kitu?" Odero alicheka, lakini alipouona uso wake akarudisha macho barabarani.

Walipopumzika Iganga, Nulu alimfuata Natasha.

"Madam, kesho gari hii inapita Namatala, mbele ya karai langu. Weka maneno yote, au zima."

"Yote ni marefu, mama. Mtu wa barabarani hasimami kusikiliza hadithi nzima."

"Basi zima."

"Nizime sauti inayogusa watu kuliko zote? Si ulikubali kutusaidia?"

"Nilikubali Jinja."

"Jinja, Mbale, si Uganda moja?"

Natasha si mtu mwovu. Alimkumbatia Nulu, akampa maji baridi. Huruma anayo tele, ila ni huruma inayomtaka mgonjwa abaki mgonjwa. Mtu akishapona, haina kazi naye. Nami nauliza: ni nani aliyewapa watu hawa ruhusa ya kumtibu mwanamke, kisha wampokonye uponyaji wake hadharani?

Kesho yake, walipokaribia Namatala, Odero alizima spika bila kuambiwa. Simu yake ikaita.

"Ni Madam. Anauliza kama spika zimekufa."

"Mwambie zimekufa."

"Mama, mimi nina watoto wa kulisha," alisema Odero, akawasha.

Nulu alijiinamisha kitini, akajifunika mtandio. Haikusaidia. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiwaita wateja kila asubuhi. Metrine, muuza nyanya jirani yake, alikuwa akiwapungia mkono waendesha baiskeli; mkono ukabaki hewani.

Uwanjani Mbale Nulu aliomba kipaza sauti aseme sentensi moja tu. Palikuwa na medali za kuvisha, mgeni rasmi wa kushukuriwa, na picha za kupiga kabla wingu halijaufunika mlima ulio nyuma ya mji. "Baadaye, mama," aliambiwa.

Jumatatu sambusa zilibaki beseni zima. Metrine alikuwa amehamisha nyanya zake.

"Metrine, nimepona tangu mwaka juzi."

"Dada, kwani mimi nimesema nini?"

"Umesogea."

"Ni jua, dada. Nafuata kivuli."

Upande aliohamia haukuwa na kivuli.

Nulu alikwenda ofisini kwa shirika kuomba pikapu ipite Namatala mara moja tu, na ile nusu nyingine ya maneno yake. Alijibiwa kwamba safari ijayo itaelekea milima ya Kapchorwa.

Siku hizi anapepeta mchele nyuma ya ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga. Namatala wanaula mchele ule kila siku, kwa kuwa hawaioni mikono iliyoupepeta.