Bafu la Shilingi Mbili

Siku nilipoanza kazi ya kuchemsha maji niliamini hakuna kitu chini ya jua kingeweza kunishangaza. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini nilikuwa nimeona njaa, nimeona nzige, na nimemwona chui akimbeba mbuzi wa baba yangu mchana kweupe. Sasa sufuria ya maji ingenifanya nini? Ndivyo nilivyojiambia nikiingia lango la nyumba ya wageni pale Kitui, miguu mitupu, shati la kuazima. Leo nina miaka hamsini na ushei, nina ploti mbili Emali na nyumba ya mawe, na vyote nimevitoa kwa maji moto bila cheti cha mtu. Ninawaandikia ninyi vijana mnaofungua bomba na kudhani maji moto yalizaliwa humo ukutani.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mpishi Mkuu, mzee mfupi ambaye hakuvua kofia hata akila. Asubuhi ile alinipeleka nyuma ya jikoni akanionyesha pipa la bati lililolazwa juu ya mawe, moto chini yake, mdomo wake mdogo ukiangalia juu. Kazi yangu ya kwanza, akasema, ni kutouziba ule mdomo. Pipa likiwa motoni na mdomo umezibwa, mvuke hukosa njia, na pipa hupasuka likachukua mtu na ukuta. Halafu akafunua mkono wake wa kushoto. Kutoka kiwiko mpaka bega ngozi ilikuwa imekunjamana, inang'aa kama nailoni iliyoguswa na pasi ya moto. Nikamwambia mimi siogopi. Hakucheka.

"Utaogopa," akasema. "Na la pili. Mtu akiwa bafuni, wewe keti nje umsikilize. Ukisikia maji yanamwagika, sawa. Ukisikia kimya, gonga."

Nikamuuliza kama ni adabu kuwagongea wakubwa wakiwa uchi. Akanijibu kwamba ni afadhali utukanwe na mtu aliye hai.

Nilikaa chini yake miaka sita. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima maji kwa kiwiko, maana kiganja cha mfanyakazi kimekufa na hakijui moto. Tulikuwa na maji ya aina tatu. Kuna maji ya kukata baridi, ambayo ni ya mtoto na mgonjwa. Kuna maji ya mgeni, ambayo yanakufanya uvute pumzi kisha ushukuru. Halafu kuna maji ya kuku, yale ya kunyonyolea manyoya, na hayo hayaingii bafuni kamwe mpaka yachanganywe. Mara moja niliyaingiza. Bwana aliyeyakanyaga alipiga kelele mpaka farasi wa polisi wakashtuka, na mimi nikalala siku mbili kwa mjomba nikingoja kukamatwa. Mpishi Mkuu ndiye aliyekuja kunichukua. Aliniambia tu, "Sasa umeogopa. Rudi kazini."

Kutoka hapo nilihamia nyumba ya wageni ya kanisa moja upande wa mji wa Wote. Huko mkubwa wangu alikuwa Sista Msimamizi, mama mrefu, mkali kwa sabuni kuliko kwa dhambi. Kwake nilijifunza kwamba raha si mali ya tajiri. Alikata mche wa sabuni kwa uzi, vipande vyembamba kama vya mkate, ili kila mgeni apate kipande kipya ambacho hakijaguswa. Alifumua kiondo kikuukuu akafanya nyuzi zake za mkonge kuwa dodoki la kusugulia mgongo. Majani ya mlimau aliyatia majini, na mafuta ya mbono akapaka visigino vilivyopasuka. Mwalimu aliyetembea kutoka Kathonzweni vumbi mpaka magotini alitoka pale akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo, na yote hayo hayakufika bei ya soda.

Kitu kimoja tu nilikiona upuuzi. Kila bafu la Sista lilikuwa na matundu juu ukutani, na asubuhi za Julai wageni walitetemeka. Nilipomwambia tuyazibe, alisema chumba kisichopumua hakimwachi mtu apumue. Nikadhani ni maneno ya dini.

Basi nikaweka akiba, nikaoa, nikaenda Emali kwa sababu Emali haina usiku wala mchana, malori yanapita na kila dereva ana vumbi la nchi mbili. Nilijenga mabafu mawili ya mabati, baadaye mabati nikayatoa nikaweka mawe. Maji tulinunua kwa wenye punda, na kiangazi kikikaza, mke wangu Nduku aliyafuata mwenyewe kwenye visima vya mchanga mtoni. Alibeba mtungi mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, kama mama zetu wote. Miaka ile ilimwachia alama, mfereji mwembamba juu ya nyusi ambao hata leo kidole kinaingia. Maji ya kuogea hayakupotea: yalitoka bafuni yakaenda kwenye mipapai. Kwa shilingi mbili mtu alipata karai la maji ya mgeni, kipande cha sabuni, taulo lililoanikwa juani na jiwe la kusugulia miguu. Walikuja madereva, wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini-mashariki, na akina mama wa soko waliofunga hizo shilingi mbili katika pembe ya leso kama mtu anayeficha dhambi. Mmoja aliniambia hiyo ndiyo saa yake moja kwa wiki ambayo hakuna mtu anayemuita.

Nduku mwenyewe hakuwahi kuoga hapo. Yeye alioga maji ya baridi nyuma ya nyumba, ndoo nusu. Nilimwahidi kwamba siku nikijenga chumba cha maana, atakayekifungua ni yeye.

Chumba hicho nilikiita chumba cha joto. Hakuna mtu mwingine kutoka Sultan Hamud mpaka Kibwezi aliyekuwa na akili hiyo. Fundi wa mawe alipofika juu aliniuliza matundu ayaweke upande gani. Nikamwambia hakuna matundu, joto lote litatoka, na mimi sitalipia upepo. Akaangalia ukuta, akaniangalia, akaendelea. Mlango nilitia komeo la chuma, na chini nikaukaza kwa gunia. Ndani, pembeni, nikaweka jiko la mkaa. Wakati huo sote tuliamini kwamba mkaa ni mbaya ukiwa bado na moshi. Ukishakuwa mwekundu, bila moshi, umeiva, na hauwezi kumdhuru mtu.

Alfajiri ya siku ya kufungua, Julai, ukungu umelala mpaka kwenye reli, nilikwenda kuona kama chumba kimeshika joto, maana jiko nilikuwa nimeliacha humo. Nikakuta kuku wetu mmoja amekufa karibu na jiko. Hakuwa na jeraha. Nilimtupa nyuma ya mipapai upesi kabla mtu hajamwona, nikajiambia ni ugonjwa wa kuku. Lakini mkono uliomshika ulibaki na baridi.

Nduku alikataa kuingia. "Baba Mutua, mimi nioge maji ya shilingi mbili na watoto hawana viatu?"

Nikamwambia ahadi ni ahadi. Akacheka, akachukua dodoki, akaingia. Nikasikia komeo likigonga. Kisha nikasikia maji, na yeye akiimba taratibu ule wimbo wa kutwanga ambao alikuwa nao tangu usichana wake.

Nje kulikuwa na foleni ya watu watano. Wa mbele alikuwa dereva wa lori la vitunguu, mtu wa Nyeri, mcheshi, aliyekuwa mteja wangu tangu siku za mabati. Nikaanza kuwaeleza watu juu ya chumba changu: unene wa ukuta, uzito wa mlango, jinsi hata sindano ya baridi haiwezi kupita. Nikasema sana. Katikati ya maneno yangu, wimbo ukakatika.

Nilisikia. Ninawaambia ukweli, nilisikia upesi kuliko mtu yeyote pale, kwa sababu ndiyo kazi niliyofundishwa. Nikangoja kata ya kuchotea maji iguse karai. Haikugusa.

"Mama amelala huko ndani ama?" dereva akauliza.

"Ndiyo raha yenyewe hiyo," nikasema, na watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nilimwona yule kuku. Nilimwona mzee wa Kitui na kofia yake. Lakini nikigonga, watu watano wataona kwamba mwenye bafu anaogopa bafu lake, na kesho Emali nzima itajua. Nikakohoa kwa nguvu, labda angejibu. Kimya. Nikasogeza ndoo kwa mguu ili ipige kelele. Kimya. Kicheko kilikuwa kimeniganda usoni, sikuweza kukiondoa.

Dereva hakuwa anacheka tena. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, gonga."

Nikagonga. Nikaita Nduku, nikaita Mama Mutua, nikaita jina lake la utoto ambalo mwanamume haliiti mbele za watu. Nikautia mlango bega na komeo langu zuri likanicheka. Dereva alikimbilia lori akarudi na mtaimbo wa kubandulia tairi, na kwa pamoja tukaung'oa mlango pamoja na mawe yake.

Hakukuwa na moshi. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko yote. Mkaa ulikuwa mwekundu, umetulia, kama nilivyoupanga. Nduku alikuwa ameketi ameegemea ukuta, kata mapajani, macho nusu wazi. Nilipomwinua, kichwa changu mwenyewe kilizunguka. Tukamtoa nje, akina mama wakamfunika leso, nami nikataka kummwagia maji.

"Wacha maji," dereva akasema. "Maji yamemtosha. Watu wasogee, apate hewa."

Sijui tulikaa muda gani. Nilishika mguu wake, maana ndio uliokuwa karibu, na ulikuwa mlaini, umesuguliwa, una harufu ya mlimau. Niliogopa kuangalia kifua chake kama kinapanda. Mwanamke mmoja ndiye aliyeangalia kwa niaba yangu, akasema kinapanda, kidogo. Kisha Nduku akakohoa, akatapika, akafumbua macho akatutazama sisi wote.

"Maji yamebaki kwa karai," akasema. "Msiyamwage."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya foleni nzima.

Daktari wa zahanati alinieleza kwamba mkaa mwekundu hutoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyefungiwa nayo hulala bila kujua anakwenda wapi. Nduku aliumwa kichwa wiki nzima kisha akapona. Jiko nililitoa chumbani siku hiyo hiyo, likakaa nje na pipa la kuchemshia maji. Wateja walirudi, na dereva wa vitunguu alikuwa wa kwanza, akiniuliza kila safari kama leo anaoga au anaokwa.

Bafu nimelifunga sasa. Lojingi, hizi nyumba za wageni za kisasa, zimeleta umeme, na mgongo wangu umechoka kuni. Vijana, jipeni raha. Msingoje utajiri, maana majani ya mlimau bado yanaota bure, na kiondo kizee bado kinasugua mgongo. Ila msifunge mlango na moto ndani. Mimi ninayejisifu hivi, kila jioni Nduku akioga ninaketi nje juu ya kigoda. Anaimba, halafu anapaka sabuni usoni, ananyamaza. Nagonga.

"Nipo, mzee," anasema. "Wacha kusumbua mlango."

Fundi wa mawe alirudi kutoboa ule ukuta wa chumba cha joto wiki ile ile ya mkasa. Aliniambia bei ni ile ile ambayo angenitoza mwanzoni, hakuongeza hata senti, na hilo liliniuma kuliko kama angeongeza. Matofali manne ya matundu, saruji kidogo, na kazi yake ya nusu siku: shilingi themanini na sita na senti hamsini.