Miguu ya Fundi Cherehani

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mtaa mzima uliionea huruma mikono yake. Baridi yabisi ilipomwanza, vidole vilivimba hata mkasi ukamshinda. Mumewe, dereva mstaafu aliyekuwa hajui hata sufuria inashikwaje, akaingia jikoni kuosha vyombo. Bintiye akachukua kazi zote za mkono: kukata, kupinda, kutia vifungo. Fundi akabakiziwa kukanyaga cherehani tu, kutwa nzima.

Dawa zikafanya kazi. Kila kliniki daktari alimbonyeza vidole, viwiko, mabega na magoti, akahesabu, akaandika, akatabasamu. Viatu havikuvuliwa hata siku moja. Fundi naye hakusema kitu. Nyayo zilimwaka moto, lakini ni mwanamke gani wa umri wake asiyeumwa miguu? Mikono ndiyo hiyo inapona, sasa aanze kudeka?

Mwaka wa sita akaja daktari mpya, binti mdogo tu, akamwona anavyojikokota kutoka kwenye benchi.

"Vua viatu, mama."

Akampeleka chumba cha altrasaundi, akampaka jeli ya baridi, akatelezesha kipimo juu ya vidole vya miguu. Kwenye kioo cha mashine wekundu ukawaka kila penye kiungo.

"Huu wekundu ni ugonjwa, bado uko kazini," daktari alisema. "Na hapa, ukingo wa mfupa umeliwa."

Fundi alikaza macho. Vitambaa vilivyotafunwa na panya alivijua sana. "Hauzibiki?"

"Hapana, mama. Tutabadili dawa usizidi kuliwa, ila kilichokwenda kimekwenda. Na cherehani uiache."

"Tutafunga mota!" mumewe, aliyemsindikiza, akadakia.

"Mota nayo hukanyagwa, baba watoto."

Miaka sita mzee alijigamba kijiweni kwamba sahani zake ndizo zilizomponya mkewe. Kumbe nyumba nzima walikuwa wakiulinda mkono na kuutoa mguu sadaka, kwa mapenzi yao yote. Inauma, na hata wa kumgombeza hayupo.

Mzee akapiga magoti, akampangusa jeli, akamvisha viatu. Kamba zikamshinda.

"Niachie," Fundi alisema.

Akainama, akazifunga mwenyewe, upesi, fundo safi. Vidole havikumuuma hata kidogo.