Mtaro wa Juu Kabisa

Mwaka 1985, kule Kalamba, Nthenya alikuwa amechoka. Mumewe alikufa akamwachia shamba moja la mteremko, udongo mwekundu uliotandazwa juu ya mwamba, na kila Novemba mvua iliukwangua udongo ule ikaupeleka bondeni kwa jirani yake, Kiilu. Ungeisha wote angebaki na mawe, na hakuwa na shamba jingine.

Kikundi chake cha mwethya, akina mama wanaolimiana kwa zamu, kilimchimbia mitaro mitatu ya kukinga maji. Afisa wa kilimo aliwafundisha fanya juu: udongo unaochimbwa urushwe upande wa juu wa mtaro, uwe ukuta. Ukirushwa chini ni kazi rahisi, lakini maji huuzoa. Aliyebuni fanya juu bila shaka hakuwahi kuumwa na mgongo.

Siku ya mtaro wa nne, ule wa juu kabisa, kulikuwa na mazishi kijijini na mwethya haukuja. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Nthenya alichimba peke yake siku tano. Hatua chache za mwanzo alirusha udongo juu, kisha mikono ikagoma, akaanza kuurusha chini. Alijua anakosea. Alijiambia, nani ataona? Akapanda mahindi yake, akangoja.

Mvua iliona. Maji yaliuzoa udongo uliolegea kule juu, yakashuka kwa kishindo na kuibomoa mitaro yote mitatu. Asubuhi mwamba ulikuwa wazi. Nthenya aliketi juu yake, amechoka hata asiweze kulia.

Wiki mbili baadaye Kiilu alikwea mteremko hadi kwake. Miaka yote alikuwa akijigamba kwamba udongo ukifika kwake ni wake.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa heshima, "shamba yako imehamia kwangu."

"Najua. Umekuja kunicheka?"

"Hapana. Imekuja na mbegu. Mahindi yako imeota katikati ya maharagwe yangu. Kuja upalilie, halafu utavuna. Hiyo si yangu."

Nthenya alichukua jembe akashuka. Aliutambua udongo wake mara moja, mwekundu juu ya ule mweusi wa bondeni, na mahindi yamesimama ndani yake ovyo ovyo, hayana mistari. Akainama, akapalilia mpaka adhuhuri, mgeni kwenye udongo wake mwenyewe.