Siku Niliyomsingizia Mzee Karisa

Jamani, nianze kwa kukiri: mimi, Rukia wa Shella, niliyesomeshwa nikasomeka, nilimwaibisha mtu wa umri wa babu yangu mbele ya watu, kwa kosa ambalo lilikuwa langu mwenyewe. Nikikumbuka, uso unaniwaka mpaka leo. Chekeni mkitaka, ila mwisho wake hauchekeshi.

Kazi yangu ni kubuni sehemu za pampu za dripu, zile mashine zinazosukuma dawa ya maji polepole mpaka mshipani. Zangu mimi ni mbili: kiungio, yaani kile kijidude cha plastiki kinachounganisha mrija wa mashine na ule wa mkononi mwa mgonjwa, na sensa inayopima maji yanavyopita. (Mama yangu huwaambia majirani mimi ni fundi wa mipira, basi.) Viungio vya kuagizwa vikivunjika, mashine nzima hukaa bure stoo, kwa hivyo nilipotengeneza changu pale karakana yetu Kilifi, na hospitali moja ikaniruhusu nikijaribu kwa mgonjwa mmoja, muuguzi akiwa kando, nilijiona nimefika.

Mgonjwa alikuwa Mzee Karisa, mkulima wa Marafa. Alimeza vidonge vyake vya kisukari siku mbili bila kula sawasawa, sukari ikamshuka akazimia, na sasa alitakiwa aingizwe maji ya sukari bila kukatika. Alikuwa ameshaamka, tena mcheshi. "Mwanangu," akaniambia, "kama mashine yako itanirudisha shambani, nifunge hata mbili." Mkewe, Mama Kadzo, alikaa kando yake na leso yake begani.

Asubuhi hiyo tulitarajia wageni waje kuiona kazi yangu, madaktari na wahadhiri kama wanane hivi. Nilipofunga kiungio nilihisi kinacheza, kidogo tu. Kingine kilikuwa karakana, dakika ishirini kwenda na kurudi. Nikatazama saa, nikakizungushia plasta, nikasema moyoni, itashika.

Wageni wakaingia. Sista Dama, muuguzi wetu, akaitwa kitanda cha mwisho ambako mtu alikuwa akitapika, akaniambia, "Rukia, usimwondolee macho mpaka nirudi," nami nikaitikia bila hata kumtazama, maana nilikuwa nimeshaanza hotuba yangu. "Tazameni hapa kwenye kioo cha mashine," nikawaambia wageni, "hakuna tone linalopotea bila sisi kujua."

Mama Kadzo akanivuta mkono wa koti. "Mwanangu, hapa kitandani pamelowa."

"Subiri kidogo, mama."

"Pamelowa. Na mzee anatoka jasho."

Wageni wote wakageuka. Nikatazama kioo, nambari safi kabisa, nikatabasamu (laiti ningeng'oka meno yale niliyoyaonyesha), nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mzee amejikojolea tu, mama, ni kawaida kwa wagonjwa. Sista atambadilisha."

Mgeni mmoja akaangalia dirishani. Mwingine akachekea puani.

Mzee Karisa akafumbua macho. "Mimi?" akasema, ulimi mzito. "Mimi sikukojoa." Akajaribu kuvuta shuka ajifunike, mkono haukumtii. Nami, Mungu anisamehe, nikaendelea kueleza habari za sensa.

Mama Kadzo hakubishana. Akafunua shuka. "Nguo yake kavu hii. Mkojo gani unatoka kwenye kiwiko?"

Nikapeleka mkono. Chini ya kiwiko godoro lilikuwa chapachapa, linanata. Plasta ilikuwa imeachia, na sukari yote ya mzee ilikuwa ikiishia godoroni. Mashine bado inaonyesha nambari nzuri, kwa sababu sensa niliiweka upande wa pampu, kabla ya kiungio, ndiko waya ulikofika kwa urahisi: ilihesabu maji yaliyotoka kwenye mashine, si yaliyomfikia mtu.

Nilipoinua macho, mzee alikuwa amezimia.

"Karisa! Karisa we!" Mama Kadzo akapiga ukelele wodi nzima ikasimama. Sista Dama akaja mbio, akanisukuma kwa bega, akamdunga kidole kumpima, akaita sukari nzito iletwe haraka. Madaktari wawili miongoni mwa wageni wakamsaidia kutafuta mshipa wa mkono wa pili. Mimi nilisimama na kiungio changu mkononi, nikimsikia mzee anakoroma ule mkoromo usio wa usingizi.

Alirudi. La kwanza alilomwuliza mkewe, kwa Kigiriama (nakisikia kidogo), lilikuwa: "Wale watu wameshaondoka?"

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, akageukia ukutani. Mama Kadzo akanisindikiza hadi mlangoni.

"Kuzimia atasahau," akaniambia. "Lakini wewe ulimtangaza mbele za watu, mwanangu, na mimi nilikuambia mara mbili."

Niliandika ripoti kwa mkono wangu, plasta ndani, maneno yangu ndani, jaribio likasimamishwa. Kiungio kipya sasa kinafungwa kwa kuzungushwa, kisipokaza hakipitishi maji, na sensa iko karibu na mkono wa mgonjwa. Mzee alirudi Marafa wiki iliyofuata bila kuniaga, na ilikuwa haki yake.

Nami nimeapa: mgonjwa au mtu wake akiniambia kuna jambo, nitainama nitazame kwa macho na mikono yangu, hata kama nyuma yangu amesimama nani. Nikishindwa hilo, bora niiache kazi hii.